Kupima bastola ya .22: namna ya kujua ni risasi ipi isiyoikwamisha

Mlengaji shabaha wa Lubumbashi mwenye bastola ya .22 Long Rifle hachagui risasi kwa raha kama mwenzake wa Ujerumani au Marekani, ambaye huingia dukani na kukuta rafu nzima ya maboksi ya viwanda mbalimbali. Huku mtu hutumia kinachopatikana kihalali, na kinachopatikana mwezi huu huenda kisionekane mwezi ujao. Kwa sababu hiyo, anayeuliza kama bastola yake ni nzima hawezi kupewa jibu moja. Bastola ileile inaweza kumaliza boksi la risasi za aina fulani bila kusita, kisha ikakwama katika kila magazini inapolishwa aina nyingine, na mwenyewe akaanza kumlaumu fundi ilhali hakuna kilichoharibika. Kinachopimwa katika jaribio ninalolieleza hapa ni mapatano ya vitu vitatu: bastola hii, magazini hii (kibweta kinacholisha risasi), na risasi ya toleo hili la kiwandani. Kimoja kikibadilika, matokeo ya zamani hayana uzito tena.

Kwa nini kaliba hii ni nyeti

Inafaa kwanza kuitazama risasi yenyewe kwa karibu. Ilitolewa mwaka 1887 na kiwanda cha Stevens cha Marekani, miaka kadhaa kabla ya bastola za kujipakia zenyewe kuingia sokoni, kwa hiyo haikubuniwa kwa ajili ya kusukumwa na springi kutoka ndani ya magazini. Ganda lake lina ukingo uliochomoza kwenye kitako, na fataki, yaani kilipuzi kinachowasha baruti, imefichwa ndani ya ukingo huo. Kiwandani, mchanganyiko wa fataki huwekwa ungali mbichi kwenye kitako cha ganda, kisha ganda huzungushwa kwa kasi ili mchanganyiko usambae hadi ndani ya mkunjo. Pale ambapo haukufika, pini ya kufyatulia ikigonga hapo risasi itagoma. Kichwa cha risasi nacho ni laini, kipenyo chake ni sawa na cha ganda, na kinashikiliwa na kisigino chembamba tu kilichoingia ndani ya mdomo wa ganda. Kikigongwa kwa pembeni, hupinda au hulegea. Vichwa vingi hupakwa nta au grisi, na kila anayejua vumbi jekundu la mji huu anaweza kukisia kinachofuata.

Kwa upande wa bastola, nyingi za kaliba hii hazina kufuli kati ya mtutu na slaidi, yaani kile chuma cha juu kinachorudi nyuma na mbele. Slaidi hubaki mbele kwa uzito wake na kwa nguvu ya springi peke yake. Baruti inapowaka, gesi hulisukuma ganda nyuma, ganda huisukuma slaidi, slaidi hulitupa ganda nje, kisha springi huirudisha mbele ikiokota risasi mpya njiani. Kazi hiyo yote hufanywa na nguvu ndogo, na hakuna akiba kubwa ya kufidia upungufu. Risasi ikiwa dhaifu, slaidi hairudi nyuma vya kutosha. Ikiwa kali mno, slaidi hurudi na kwenda mbele upesi hata magazini haijamaliza kuinua risasi inayofuata, na vyuma hugongana kwa namna inayovichosha kabla ya wakati wake.

Kila mtengenezaji basi huchagua uzito wa slaidi na ugumu wa springi akiwa na aina fulani ya risasi akilini. Bastola za mashindano ya mita 25, kama vile Walther GSP au Pardini SP, zimetengenezwa kwa risasi za kasi ya kawaida, yaani zile zinazotoka kwa takriban mita 320 hadi 330 kwa sekunde. Bastola nyingi za mazoezi na burudani hutaka risasi za kasi kubwa, ambazo hukaribia mita 370 au 380 kwa sekunde. Risasi ya CCI Mini-Mag, kwa mfano, imeandikiwa futi 1,235 kwa sekunde, sawa na mita 376. Bastola ya SIG Mosquito iliuzwa ikiwa na springi mbili, moja ya risasi za kasi kubwa na nyingine ya kasi ya kawaida, jambo linaloonyesha jinsi mtengenezaji mwenyewe alivyolichukulia suala hili kwa uzito. Fahamu pia kwamba tarakimu zilizoandikwa kwenye boksi kwa kawaida hupimwa kwa mtutu mrefu wa bunduki. Katika mtutu mfupi wa bastola kasi hupungua. Somo la kwanza la jaribio, ambalo halina gharama, ni kusoma kijitabu cha bastola yako na kuona mtengenezaji alisema nini.

Kibali, mahali na ukingo wa udongo

Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, silaha na risasi husimamiwa na amri-sheria nambari 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985, na raia hawezi kuwa na bastola bila kibali cha mamlaka. Sitaendelea sana hapa: asiye na karatasi kamili hana jaribio la kufanya. Aliye nazo asafirishe bastola ikiwa tupu, magazini zikiwa zimetolewa, risasi zikiwa katika chombo kingine, na kibali kikiwa mahali anapoweza kukionyesha bila kupekua mfuko mbele ya askari wa kizuizi.

Jaribio lifanyike katika uwanja ulioidhinishwa wa kulengea shabaha, na uongozi wa mahali hapo ujue utakachofanya. Kuna wanaodhani kwamba .22 ni kitu kidogo, na kwamba inatosha kuondoka mjini kwa barabara ya Kipushi au ya Kasenga na kuingia porini. Risasi hii ndogo inaweza kufika zaidi ya kilomita 2, na pori la kuuzunguka mji huu halina ukiwa unaodhaniwa: kuna wachoma makala (makaa), kuna wanawake wanaotafuta uyoga na viwavi, kuna wachimbaji, kuna mashamba. Hatari nyingine ni kichuguu. Vichuguu vikubwa vya Katanga vinavutia macho ya mlengaji kama kwamba viliwekwa kwa ajili yake, lakini wakati wa kiangazi udongo wake hukauka ukawa mgumu kama tofali, na kichwa laini cha .22 hupenda sana kuruka upande kikigonga kitu kigumu kwa mshazari. Ukingo wa kuzuia risasi unapaswa kuwa wa udongo laini usio na mawe, mrefu na mnene. Isitoshe, katika mji uliopitia mengi, mlio wa risasi ambao majirani hawakutaarifiwa hauchukuliwi kuwa mchezo na yeyote, kuanzia kwa shefu wa kartie (mkuu wa mtaa) hadi kambini.

Miwani ya kinga na vizibo vya masikio havina mjadala. Bastola ya aina hii inaweza, kwa nadra, kulipua risasi kabla slaidi haijafunga sawasawa, na vipande vya ganda pamoja na gesi hutoka kwenye dirisha la kutolea maganda, si mbali na jicho la anayelenga.

Kuandaa bastola na magazini

Anza na bastola safi. Jaribio likianza na uchafu wa miezi, hutajua ni kipi unachokipima. Hakikisha kwanza kwamba haina risasi, kwa kutoa magazini kabla ya kuvuta slaidi na si baadaye, kisha uangalie ndani ya chemba, sehemu ya nyuma ya mtutu inayoipokea risasi, kwa jicho na kwa ncha ya kidole. Safisha chemba kwa brashi ya nyuzi za shaba. Mabaki ya nta na madini hujikusanya mahali ambapo mdomo wa ganda hukoma, na mzingo huo mweusi ndio huzuia risasi kuingia hadi mwisho. Safisha chini ya ndoano inayolichomoa ganda, kwa kijiti chembamba, kwa kuwa chembe moja ya uchafu hapo hutosha kuifanya ndoano ishike kidogo tu. Futa uso wa slaidi pale kitako cha risasi kinapokaa. Paka mafuta kidogo kwenye reli za slaidi, na kidogo maana yake ni kidogo. Mafuta yanayotiririka hugeuka ugali mweusi yanapochanganyika na masizi.

Usijaribu pini kwa kufyatua ovyo bastola tupu. Katika bastola nyingi za kaliba hii pini hugonga ukingo wa chemba pasipokuwa na ganda la kuupokea, na baada ya muda huacha kovu linalozuia risasi kuingia. Zipo zinazoruhusu, na kijitabu kitasema.

Magazini zitiwe alama kwa rangi au kwa tepu yenye herufi, moja A, nyingine B. Jambo hili huonekana la kitoto hadi siku utakapogundua kwamba kasoro zote ulizodhani ni za risasi zilitoka katika magazini moja yenye midomo iliyopanuka. Kabla ya kutoka nyumbani, sukuma kijukwaa cha ndani kwa kidole mara chache: kinapaswa kupanda na kushuka bila kukwaruza. Kikisita mahali, fungua uisafishe, na usiitie mafuta ndani.

Upakiaji wenyewe unastahili uangalifu ambao wengi hawaupi. Magazini nyingi za .22 zina kitufe pembeni kinachoshusha kijukwaa kwa kidole gumba. Ukikishusha chini mno na kuziangusha risasi ndani kama njugu, zitalala vibaya. Shusha kwa kiasi cha risasi moja, iingize ikitanguliza kitako, na uone kwamba ukingo wake umekaa mbele ya ukingo wa risasi iliyo chini yake. Ukingo wa juu ukikaa nyuma ya ule wa chini, risasi ya juu ikisukumwa mbele itaikokota ya chini, na bastola itakwama hata kama risasi ni ya dhahabu. Ukimaliza kujaza, gonga mgongo wa magazini taratibu kwenye kiganja ili risasi zijipange, kisha ziangalie kwa upande: zote zinapaswa kuelekeza pua juu kidogo kwa mwinuko mmoja. Risasi iliyoinamisha pua irekebishwe hapohapo, kwa sababu hitilafu itakayoleta ni ya mpakiaji, na ukiiandika kwa jina la risasi utakuwa umejidanganya.

Risasi za kujaribu

Chukua zile ambazo una hakika ya kuzipata tena. Hakuna faida ya kujua kwamba bastola yako inaipenda risasi uliyopewa na mgeni aliyekwisha kuondoka. Ukipata nafasi, chagua moja ya kasi ya kawaida yenye kichwa cha gramu 2.6, ambao ni uzito uliozoeleka, moja ya kasi kubwa ya uzito huohuo, na moja ya kasi kubwa yenye kichwa kilichopakwa shaba, kwa kuwa shaba hupunguza mabaki na huteleza vizuri zaidi kwenye mteremko wa kulishia, unaoiongoza risasi kutoka magazini hadi chembani. Kichwa cha mviringo ndicho kipimo cha msingi. Kichwa chenye tundu kwenye ncha kina umbo linaloweza kukwama kwenye mteremko huo, kwa hiyo kijaribiwe peke yake baada ya hapo.

Zipo za kuacha. Risasi za mlio mdogo kama CCI Quiet-22, yenye kasi ya futi 710, sawa na mita 216 kwa sekunde, hazikukusudiwa kuendesha slaidi ya bastola ya kujipakia. Kuzijaribu ni kuuliza swali ambalo jibu lake linajulikana. Zile za kasi kupindukia, kama CCI Stinger, zina ganda refu kidogo kuliko la kawaida na hazifai chemba finyu za mashindano, mbali na kuipiga slaidi kuliko inavyostahili. Mwenye bastola ghali ya mashindano akizitumia kwa sababu tu ndizo zilizopatikana, ataokoa fedha kidogo za risasi na kulipia nyingi za vipuri, ambavyo huku havipatikani kwa fundi wa sokoni.

Andika namba ya toleo iliyopigwa kwenye boksi. Viwanda hubadilisha kidogo baruti na fataki kutoka toleo moja hadi jingine, na katika bastola nyeti tofauti hiyo huonekana. Risasi zilizokaa kwenye mifuko ya nailoni bila boksi, zisizojulikana zimetoka wapi wala zimelala mvua ngapi, zisiingie katika jaribio hata kidogo.

Namna ya kupiga

Awamu ya kwanza ni ya kuchuja. Kila aina ipewe risasi 50, yaani boksi moja la kawaida, zikigawanywa sawasawa kati ya magazini ulizo nazo. Jaza magazini hadi uwezo wake kamili, kwa sababu springi iliyobanwa hadi mwisho huisukuma risasi ya kwanza kwa nguvu na kuifanya ngumu kuokotwa, na kasoro hiyo haitaonekana kamwe ukipakia risasi tatu tatu. Piga ukiwa umesimama, kwa mshiko utakaoutumia siku zote. Bastola iliyolazwa juu ya mfuko wa mchanga hupimwa kwa usahihi wa shabaha, lakini haitakuambia itafanyaje katika mkono ulioanza kuchoka. Slaidi isiyo na kufuli inahitaji kitu imara cha kusukuma dhidi yake. Mkono ukilegea na bastola nzima ikirudi nyuma pamoja na slaidi, mwendo wa slaidi hupungua. Bastola nzito za chuma hazijali sana. Nyepesi zenye fremu ya plastiki hujali.

Mpangilio wa aina una maana. Ukianza na risasi yenye nta nyingi na masizi mengi, ile inayofuata itabeba dhambi za iliyotangulia. Safisha kati ya aina na aina, au, kama muda hauruhusu, piga nusu ya kila boksi kwa mpangilio mmoja na nusu iliyobaki kwa mpangilio wa kinyume, ili kila aina ionje bastola safi na bastola chafu.

Mwenzako akikaa pembeni na daftari, kazi huwa nyepesi na salama zaidi, maana mtu mmoja hawezi kushika bastola na kalamu kwa adabu. Kila hitilafu iandikwe hapohapo: aina ya risasi, magazini gani, ilikuwa risasi ya ngapi katika magazini hiyo, ni risasi ngapi zimepigwa tangu usafi wa mwisho, na jambo lililotokea kwa maneno mawili matatu. Nafasi ya risasi ndani ya magazini ni habari ambayo wengi huipuuza. Hitilafu zikijirundika kwenye risasi ya kwanza, tazama ugumu wa springi ya magazini; zikijirundika kwenye ya mwisho, springi hiyo imechoka; zikitawanyika kila mahali, shaka ihamie kwa risasi au kwa chemba.

Hitilafu inasema nini

Kuandika kwamba imekwama haitoshi. Kila mkwamo ni ushahidi, na ushahidi huharibiwa na mtu anayevuta slaidi kwa hasira kabla ya kutazama. Mtutu ukiwa bado umeelekezwa kwenye ukingo wa udongo na kidole kikiwa nje ya kifyatulio, angalia dirisha la kutolea maganda, kisha ndipo uondoe magazini na kusafisha njia.

Ganda lililosimama wima dirishani, likiwa limebanwa na slaidi, kwa kawaida ni dalili ya nguvu ndogo: slaidi ilirudi, lakini si kwa kasi ya kulirusha ganda mbali. Ikitokea kwa risasi za kasi ya kawaida na isitokee kwa zile za kasi kubwa, umepata jibu lako pale pale. Ikitokea kwa zote, chunguza ndoano na springi, au mshiko wako mwenyewe. Slaidi ikifunga chemba tupu huku magazini ina risasi, ama haikurudi nyuma vya kutosha kuipita risasi inayofuata, ama ilirudi kwa kasi kuliko springi ya magazini ilivyoweza kuinua; tazama maganda yaliyoanguka, kwa kuwa risasi dhaifu huyaangusha karibu na miguu na kali huyatupa mbali. Ganda lililobaki ndani ya chemba baada ya kupiga huelekeza kidole kwenye ndoano au kwenye chemba chafu. Pua ya risasi iliyojichimba kwenye mteremko wa kulishia, mara nyingi ikiacha utepe mwembamba wa madini, huelekeza kwenye magazini au umbo la kichwa; risasi hiyo imepinda, isipigwe tena.

Iliyogoma ndiyo inayofundisha zaidi. Pini imegonga, mlio haukuja. Subiri sekunde 30 kamili, mtutu ukielekea kwenye ukingo wa udongo, kwa kuwa fataki inaweza kuchelewa. Kisha itoe na uiweke chini ya mwanga pamoja na ganda lililowaka la aina hiyohiyo. Linganisha alama za pini kwenye ukingo. Kama ile ya risasi iliyogoma ni mkwaruzo tu, wakati ile ya ganda lililowaka ni shimo lenye kingo kali, basi pigo lilikuwa dhaifu: uchafu katika njia ya pini, springi iliyochoka, au risasi haikuingia hadi mwisho na pigo la kwanza lilitumika kuisukuma ndani. Kama mashimo yanafanana, irudishe chembani ukiwa umeizungusha nusu duara, ili pini igonge upande wa pili. Ikiwaka, fataki haikusambaa mzingo wote, na kosa ni la kiwanda. Isipowaka hata hapo, itengwe kwenye chombo chake, iandikwe kwa jina la risasi, isirudishwe kwenye boksi.

Kuna hitilafu moja inayosimamisha kila kitu. Ukisikia mlio mdogo usio wa kawaida na kuhisi mkono haukusukumwa kama ilivyozoeleka, usifyatue tena kwa hali yoyote. Kichwa kinaweza kuwa kimebaki ndani ya mtutu, na risasi inayofuata itauvimbisha au kuupasua. Ondoa magazini, hakikisha chemba ni tupu, kisha pitisha ufito wa kusafishia uone kama njia iko wazi.

Risasi ngapi zinatosha

Hapa ndipo watu wengi hujiridhisha mapema. Boksi moja la 50 likipita bila kukwama, mtu husema bastola yake haikosei. Hesabu haikubaliani naye. Tuseme bastola hukwama, kwa wastani, mara moja katika kila risasi 50. Bastola hiyo mbovu bado ina nafasi ya asilimia 36 ya kumaliza boksi la 50 bila hitilafu hata moja, yaani zaidi ya mara moja katika kila majaribio matatu. Kuna kanuni rahisi ya wanatakwimu inayofaa kuwekwa kichwani: usipoona hitilafu yoyote, gawanya 3 kwa idadi ya risasi ulizopiga, na hicho ndicho kiwango cha juu cha hitilafu ambacho bado hujakiondoa kwa uhakika wa asilimia 95. Risasi 50 safi zinaacha nafasi ya hadi asilimia 6. 100 zinaacha 3. 300 zinaacha 1.

Asilimia 1 huonekana ndogo mpaka uiweke kwenye mashindano. Katika shindano la kasi la mita 25 mlengaji hupiga risasi 60, kwa mikupuo ya risasi tano tano ndani ya sekunde 8, 6, na hatimaye 4. Bastola inayokwama mara moja katika 100 ina nafasi ya karibu asilimia 45 ya kukwama angalau mara moja kabla ya risasi ya 60. Katika mkupuo wa sekunde 4 hakuna muda wa kuvuta slaidi na kuendelea.

Kwa hiyo awamu ya pili huchukua aina moja, au mbili ikiwa mfuko unaruhusu, zilizopita mchujo, na kuzipa risasi 300 kila moja bila kusafisha bastola katikati. Hazipigwi siku moja. Bastola iliyopata moto kwa saa mbili si bastola ile ya asubuhi, na mlengaji vilevile. Andika ni risasi ya ngapi tangu usafi ambapo hitilafu ya kwanza ilitokea. Kama aina fulani ilienda vizuri hadi 200 kisha ikaanza kusita kufunga, umepata jambo la thamani kuliko kuipenda au kuikataa: unajua kwamba bastola hiyo, kwa risasi hiyo, inataka kusafishwa kila baada ya 150. Hitilafu moja katika 300 si sababu ya kuitupa risasi, hasa ikiwa ilikuwa ya fataki. Tatu za namna moja ni kasoro ya kutafutwa chanzo chake, na hapo ubadilishe kitu kimoja tu kwa wakati, magazini au springi au usafi, kabla ya kurudia.

Majira

Lubumbashi iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,200, na asubuhi za Juni na Julai hapa huwa na baridi inayoshangaza wageni wanaodhani Kongo yote ni joto. Nta huganda, mafuta mazito hushika, na baruti huchoma kwa nguvu pungufu kidogo. Bastola iliyokuwa ikiendeshwa kwa shida na risasi za kasi ya kawaida mwezi wa Oktoba inaweza kushindwa kabisa saa moja ya asubuhi mwezi wa Julai. Kiangazi pia ndio wakati wa vumbi, kwa hiyo punguza mafuta na ufunge boksi la risasi kila unapotoa. Masika huleta unyevu, na risasi zinafaa kukaa katika maboksi yake ndani ya chombo cha plastiki chenye kifuniko kinachobana, mbali na paa la bati. Sehemu moja ya zile 300 ipigwe asubuhi ya baridi na nyingine mchana wa joto, na daftari ionyeshe ni ipi.

Baada ya kila kipindi, nawa mikono na uso kwa sabuni na maji baridi kabla ya kula au kumshika mtoto, kwa kuwa fataki na vichwa huacha vumbi la sumu ya madini ya risasi, na nguo za uwanjani zifuliwe peke yake. Okota maganda yote, yahesabiwe dhidi ya daftari. Hesabu isiyolingana huenda ikawa na risasi nzima iliyoanguka kwenye majani, ambapo watoto wataiokota.

Siku utakapopata maboksi mapya ya aina ileile uliyoikubali, angalia namba ya toleo. Ikiwa ni ileile, endelea. Ikiwa imebadilika, piga 50 kwa magazini zote, ukiandika kama mwanzo, na usiyapeleke mashindanoni maboksi hayo kabla hujafanya hivyo.